Nani Alikuambia Nimepona?

Soko la Kadutu, kwetu Bukavu, halikuhitaji sababu ya kukimbia. Mwaka ule wa 2002 mtu mmoja akipiga mbio, wote walipiga mbio, na sababu uliiuliza ukishafika kwako na kiatu kimoja mguuni. Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alipasua sauti: "Yesu Maria! Ubongo ya mutu!"

Loo! Soko likaondoka. Nyanya zikakanyagwa, beseni za samaki zikamwagika kwenye matope, kuku wakabaki wamefungwa miguu, wanapiga kelele peke yao. Mimi nilikuwa kule, sitawadanganya, nilikimbia mpaka chini kabisa barabarani.

Katikati ya uwanja alibaki kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, tai ya bluu, mkononi mfuko wa plastiki uliopasuka. Mbele ya viatu vyake, juu ya fungu la mboga ya lengalenga, kulikuwa na nusu ya ubongo. Ulikuwa wa rangi ya waridi, na wa plastiki.

Mtu mwingine ambaye hakukimbia ni Cibalonza, fundi wa kushona. Alikuwa amevaa kikwembe, yaani kitenge, cha kijani chenye maua ya manjano, mikono ya blauzi imevimba mabegani kama walivyopenda wasichana wa wakati ule, kitambaa kimefungwa kichwani kwa madaha. Mguu wake haukutoka kwenye pedali ya mashini. Alimaliza pindo kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Kaka," akasema, "kitu yako imeanguka."

"Samahani, maman. Iko ya plastiki. Ni ya kazi."

"Kazi gani ya kutembea na ubongo mu sachet? Uko muchawi ao uko mwalimu?"

"Niko animateur, naongoza batu mu mafunzo."

"Ah bon! Angalia vile umeanimer soko yote." Akacheka, na alipocheka pengo dogo la meno ya mbele likaonekana, na yule kijana akasahau alichokuwa anatafuta. "Nusu ya pili iko hapa chini ya kiti yangu. Kuja uchukue. Mimi siiguse."

Kijana akainama kuichukua. Jina lake Murhula. Alipoinuka, akauliza: "Na weye, juu ya nini haukukimbia?"

Kicheko kikazimika. "Mimi nilikimbiaka mara moja," akasema Cibalonza. "Ilinitosha."

Murhula alifanya kazi kwenye shirika dogo lililoitwa Jitambue, kwenye nyumba ya matofali karibu na Nyawera. Alilianzisha Daktari Apollinaire, mzee mwenye miwani minene aliyesomea mambo ya ubongo Ubelgiji. Yeye alisema watu wa Bukavu wameishi na hofu muda mrefu hata hawajui tena ni nani anayeishi ndani yao. Alhamisi na Jumanne watu kumi na wawili walikaa kwenye viti kwa duara. Daktari alifungua ubongo wa plastiki, akaonyesha kipande kidogo kama punje ya haragwe kinachopiga kengele ya hofu. Kisha walifumba macho na kufuata pumzi, ndani, nje, bila kuitawala. Kisha kila mtu alisali kwa namna yake. Mwisho, mwenye neno alilisema. Ukutani kulikuwa na karatasi: YANAYOSEMWA HUMU YANABAKI HUMU. Aliyeiandika, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri, ni Murhula mwenyewe.

Wiki haikuisha kabla Murhula hajarudi Kadutu na suruali isiyo na tatizo lolote, akaomba ipunguzwe. Wiki iliyofuata akaomba irefushwe. Maman Rosette, aliyeuza vifungo meza ya pili, akasema kwa sauti, "Huyu mwanaume suruali yake iko na homa, inapanda, inashuka." Cibalonza akaficha uso kwenye kitambaa.

Baadaye ikawa simu. Murhula alikuwa na simu ya kazi, Cibalonza alikwenda kwenye cabine ya kona, kibanda cha simu za kulipia.

"Alô? Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Usinichokoze, Murhula. Niko nasimama hapa, wanaume watatu wananingojea niachie simu."

"Waambie wangoje. Fundi wangu anasema na ubongo wake."

"Ubongo wangu? Weye ni kisigino yangu tu."

"Kisigino nakubali. Bila kisigino utatembea namna gani, chérie?"

"Polepole," akajibu, "na bila makelele." Wale wanaume watatu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Alianza kuhudhuria Jitambue kwa ajili ya Murhula, tuseme ukweli. Lakini kimya kina mambo yake. Mtu anaingia kwa ajili ya tai ya bluu, anafumba macho, na anakutana na kitu alichokifungia miaka sita. Jumanne moja, baada ya sala, Cibalonza aliinua mkono.

Alieleza mambo ya Oktoba 1996, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi. Mama yake alikwisha kufa. Kule Kasha, kilimani Bagira, kwenye nyumba yao, alikuwa yeye na baba yake, Papa Télesphore, karani wa zamani wa posta, miguu yake yote miwili imepooza. Vijana wa kubeba kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa, walikwisha kukimbia. Uani kulikuwa na toroli moja la gurudumu moja.

"Nilimwambia papa, ninaenda kutafuta batu ya kukubeba," alisema. "Akaniambia, enda mwanangu, fanya haraka. Kisha nikaweka mashini mu toroli. Nikaenda. Sikutafuta mutu."

Alirudi baada ya wiki tatu. Bibi mmoja mzee, jirani asiyeweza kukimbia, alikuwa amemlisha Papa Télesphore viazi vitamu kwa mkono wake. Na Papa Télesphore alimpokea binti yake kwa machozi ya furaha, na tangu siku ile alimsimulia kila mgeni: binti yangu alienda kunitafutia wabebaji chini ya risasi, vita ikamfungia njia. Aliwasimulia mapadri. Alimsimulia Murhula, siku alipokwenda kujitambulisha. Na Cibalonza, akisikia hivyo, kila mara alitoka nje kuangalia moto wa jikoni.

Murhula, aliyepaswa kuwa mwongozaji, alilia bila kujificha. Jioni ile alimsindikiza mpaka njia ya Bagira, akamwambia, "Nakupenda kuliko jana."

"Hata na hii?"

"Hata na hii."

Wazee wa pande mbili wakakutana, dot, ndiyo mahari, ikapangwa baada ya Pasaka.

Sasa nifikie aibu yenyewe.

Jitambue walikuwa na kipindi kwenye redio moja ya mjini, kila Jumamosi saa kumi. Katika mashirika yetu, mnajua, kila kitu kinahitaji ushuhuda. Ripoti inataka ushuhuda, semina inataka ushuhuda, na ushuhuda lazima uwe na mguu wa mwisho: alikuwa mgonjwa, tukaja, sasa amepona. Jumamosi ile yule aliyeahidi kutoa ushuhuda hakufika. Daktari Apollinaire alikuwa amesafiri Uvira. Taa nyekundu ikawaka, Murhula yuko mbele ya kipaza sauti na dakika kumi za kujaza, na moyoni mwake kulikuwa na hadithi moja tu, kwa sababu ilikuwa ya mtu anayempenda.

"Tumuite Maman Furaha," alianza.

Jina alilibadili, ndiyo. Lakini toroli hakulibadili. Hakubadili mashini ya kushona, wala baba mwenye miguu iliyopooza, wala kilima cha Bagira. Alisimulia vizuri, maskini, alisimulia kwa mapenzi kabisa, akitaka mji mzima umpende yule mwanamke kama yeye. Na akamalizia kama tulivyozoea: "Leo Maman Furaha amepona. Amejisamehe. Anashona huku anaimba."

Kabla wimbo wa kufunga kipindi haujaanza, Kasha yote ilikwisha kumtambua. Mimi pia. Nilimwambia mke wangu, "Si ni ule mutoto wa Télesphore?" na tukatikisa vichwa, na ugali wetu tukaula vizuri tu. Aibu haikuwa ya Murhula peke yake.

Cibalonza alikuwa anapanda mlima na kitambaa cha mteja kwapani. Mama mmoja alimsalimu mara mbili. Mwingine akanyamaza alipopita. Wa tatu, ambaye hakuwa na ubaya, akamshika mkono: "Pole sana, Maman Furaha."

"Nani?"

"Ile ya radio, mama. Pole tu."

Alifika nyumbani akikimbia. Redio ndogo ilikuwa mezani, imezimwa. Papa Télesphore alikuwa kitandani, uso kwenye ukuta, na alipomwita "Papa?" hakugeuka. Chakula alichompikia hakukigusa. Siku nne hakusema naye neno, na alipotaka maji aliyaomba kwa watoto wa jirani.

Simu ya Murhula ililia Jumapili asubuhi. Alipokea kwa furaha, kwa sababu alikuwa hajui kitu, na watu kadhaa walikwisha kumpongeza kwa kipindi kizuri.

"Alô, chérie! Ulisikia?"

"Nilisikilizishwa," akasema Cibalonza. Sauti yake ilikuwa chini. "Papa alisikia."

"Lakini sikutaja jina. Nilisema Maman Fu..."

"Nyamaza. Niko na swali moja. Kuniuza, uliniuza, hiyo nitaililia pole pole. Lakini ulisema nimepona. Nani alikuambia nimepona?"

"Lakini ushuhuda, chérie, inapashwa..."

"Unaona," akasema Cibalonza, na simu ikakatika.

Alipiga kwenye cabine mara nyingi, mwenye cabine akamwambia akome. Alikwenda Kadutu, akakuta meza yake imefunikwa na turubali. Maman Rosette hakumpa hata salamu. Alimtupia macho kuanzia tai mpaka viatu, akaendelea kupanga vifungo vyake. Daktari aliporudi kutoka Uvira alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda ukutani, akaibandua ile karatasi, akamkabidhi mkononi. Murhula alitembea nayo imekunjwa mfukoni, masikio yanawaka, akitamani ardhi ya Bukavu, ambayo huporomoka bila kuombwa, iporomoke na yeye juu yake.

Siku ya tano alipanda Kasha. Alikwenda peke yake, na wanaojua desturi watashangaa: mkwe haendi kwa baba wa msichana bila msemaji, bila mjomba, mikono mitupu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Murhula alijua. Aliona hana uso wa kumwomba mjomba yeyote ambebee neno lile.

Papa Télesphore alikuwa amekalishwa mlangoni, koti kuukuu la posta limefungwa vifungo vyote.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, papa. Nimejituma."

"Mukwe hajitume. Basi haukuja kama mukwe. Umekuja kama nani?"

"Nimekuja kama mutu mwenye alikosa." Murhula akapiga magoti kwenye vumbi, na suruali ile iliyopunguzwa na kurefushwa ikachafuka. "Ni mimi nilisema mu radio. Yeye aliniaminia. Musimuhesabie mambo ya mudomo yangu."

Mzee akauliza: "Mu ile chumba yenu munakaa batu ngapi?"

"Kumi na mbili, papa."

"Batu kumi na mbili walijua mbele yangu. Kisha mji yote. Mimi mwenye nilibaki mu nyumba, mwenye kulishwa viazi na bibi wa watu, mimi ndiye wa mwisho." Akashika kifungo cha koti. "Unajua aibu yangu iko wapi, kijana? Miaka sita nilimusifu mbele ya kila mutu. Hata mbele ya Padri. Sasa nikipita watacheka. Ah, lakini sipite popote, miguu haiko. Watakuja kucheka hapa hapa."

"Papa, kama munataka, nitarudi mu radio niseme..."

"Utasema nini tena?" Mzee aligonga mkono wa kiti. "Weye unafundisha kimya, lakini mudomo yako ni bomba ya mvua! Kuja dimanche nyuma ya misa. Cibalonza ataniambia mwenyewe, mu macho, jambo yangu. Na weye utakaa pale kwa kiti, utasikiliza. Ukifungua mudomo hata kidogo, dot imekufa."

Jumapili ilifika. Cibalonza alirudi misani na kikwembe cheusi chenye duara nyeupe, bila hereni, uso umevimba. Alipomwona Murhula kwenye kiti cha kona hakumsalimu. Alichukua kigoda, akakaa mbele ya miguu ya baba yake ile isiyosikia kitu, na kwa muda alinyoosha tu blanketi magotini mwake.

"Sema," akasema Papa Télesphore.

Akasema. Alisema yote aliyosema kwenye duara, na sauti ilipotaka kukimbia aliirudisha. Kisha akaendelea mbele, mahali ambapo duara halikufika.

"Kwenye njia, papa, nilipopita kona ya mwisho na nyumba haionekane tena, sikulia. Nilijisikia mwepesi. Kukuosha, kukugeuza, kukulisha, nilifikiri, imeisha. Nilifurahi. Niliimba kidogo na mudomo imefungwa. Hii sikuiambia mutu. Ndiyo hii inanikula."

Murhula alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Maneno yote ya kazi yake yalimjia mdomoni kwa pamoja: vuta pumzi, ile ilikuwa kengele ya hofu, ubongo unajilinda, Mungu anakuona. Aliona jinsi yalivyo mazuri na jinsi alivyotaka kuyasema ili yeye mwenyewe apate nafuu. Aliyameza moja moja, uso ukamwiva kwa haya.

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili, na Papa Télesphore akageuka kumtazama binti yake.

"Nikuulize kitu," akasema. "Vita ikirudi kesho. Toroli ni moja. Utaweka nani?"

Sisi wote tungejua jibu. Mtoto yeyote wa Bukavu angejibu kabla swali halijaisha: weye, papa, weye tu! Na Cibalonza alifungua mdomo kulitoa. Halafu akaufunga. Akamtazama baba yake machoni, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

"Sijui, papa," akasema.

Mzee akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wazee ambao hawana tena wa kumwogopa, na Cibalonza akalaza kichwa kwenye magoti yale, na mkono wa baba ukatafuta kitambaa chake, ukakivua, ukashika nywele.

"Miaka sita," alisema Papa Télesphore, "unanipikia kama mutu mwenye deni. Sahani mbio, maji mbio, macho chini. Nilisema, huyu mutoto ananipenda sana. Kumbe ulikuwa unaniogopa. Leo umenijibu kama mutoto yangu. Imeniuma, Cibalonza. Imeniuma vibaya. Lakini ni weye mwenye umesema, haiko mutu mwingine." Akapangusa pua kwa mkono wa koti la posta, akageuka kwenye kona. "Na weye ulitaka kusema nini? Niliona mashavu yako yanajaa."

"Hakuna kitu, papa."

"Vizuri. Umeanza kujua kazi yako. Sasa mutoke, nataka kulala."

Nje jua lilikuwa kali, ziwa linang'aa kule chini kati ya migomba. Cibalonza alisimama kwenye ukuta wa jikoni, kitambaa mkononi, nywele wazi. Murhula alisimama mbali kidogo, jinsi anavyosimama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Sijakusamehe," akasema Cibalonza.

"Najua."

"Na sijapona."

"Najua."

"Usijue mbio mbio hivyo! Ndiyo ugonjwa yako, kujua mbio."

Murhula akainamisha kichwa. Baadaye akasema, taratibu, akipima kila neno, "Jumamosi nitaenda mu radio. Nitasema ni mimi mwenye kosa, niliiba jambo ya mutu, na nilidanganya pale kwa mwisho. Batu wote wasikie."

"Hapana."

"Lakini Cibalonza, batu wanakuangalia vibaya, lazima nikusafishe..."

"Utajisafisha weye! Utalia mu radio, wamama watasema, ah, kijana wa kweli huyu, na mimi nitarudi kuwa Maman Furaha mara ya pili." Alimkaribia mpaka akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. "Usinitaje tena. Hata kwa kunitetea. Wakinicheka, utanyamaza kando yangu. Wakikusifu kwa kipindi yako, utanyamaza vilevile, na itakuchoma. Utaweza?"

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kupiga magoti, na Murhula aliujua ukubwa wake. Alifikiria maisha yote akitembea Kadutu na kosa ambalo hatapata nafasi ya kuliungama mbele ya watu. Uso ulimchoma kana kwamba wote tuko pale tunamtazama.

"Nitaweza," akasema. "Na radio naiacha."

"Radio haijalishi." Alianza kujifunga kitambaa, akakosea fundo, akalifungua tena. "Nilimwambia papa sijui. Ulisikia vizuri? Siku moja itakuwa weye mwenye kulala kitandani, mugonjwa ao muzee, na toroli ni moja. Sitakudanganya mambo nisiyoyajua. Utanioa na ile sijui yangu?"

"Nitakuoa nayo."

"Na hautaniponyesha?"

Murhula akatikisa kichwa kwamba hatajaribu. Alitaka kuongeza kitu, kitu kizuri, na Cibalonza alikiona kikipanda mpaka kwenye midomo yake. Alingoja. Murhula alikiacha kikashuka, akabaki amesimama mbele yake na aibu yake tupu.

"Basi unioe," akasema Cibalonza.